Kadi ya Kampuni Nyingine Kwenye Kamera ya Video: Namba Nene ya Mbele Haikwambii Kila Kitu

Weka memori kadi mbili mezani. Zote ni za aina ya CFexpress Type B, kadi za kasi za kamera za kisasa, zote zimeandikwa GB 512, na zote zina namba nene mbele inayosema MB 1,700 kwa sekunde. Moja ni ya chapa ambayo kila mpiga picha anaijua. Nyingine ina jina ambalo mwaka juzi halikuwepo, na bei yake ni ndogo kiasi cha kutia shaka. Hapo mabishano huanza. Mmoja anasema ile ya bei ndogo ni feki. Mwingine anaapa ameitumia kwenye harusi kibao na haijawahi kumwangusha. Wa tatu anaonya kwamba itaunguza kamera na waranti itapotea. Hawaelewani kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake: wa kwanza anazungumzia uhalisi, wa pili uwezo, wa tatu usalama wa kamera.

Tuyatenganishe maneno kwanza, maana nusu ya ugomvi inaishia hapo.

Kadi ya kampuni nyingine ni ile ambayo haikutengenezwa wala kuuzwa na kampuni iliyotengeneza kamera. Basi, hakuna zaidi. Kadi feki ni ile inayodanganya: imebandikwa jina lisilo lake, au inadai ina GB 512 wakati ndani mna GB 32. Kadi iliyoidhinishwa ni ile ambayo kampuni ya kamera imeijaribu na kuiweka kwenye orodha yake, ikitaja modeli yenyewe na ujazo wenyewe. Kwa hiyo kadi inaweza kuwa ya kampuni nyingine na bado ikawa imeidhinishwa. Na feki, ukifikiria vizuri, mara nyingi huvaa jina kubwa, kwa sababu hakuna mwizi atakayehangaika kughushi jina ambalo hakuna anayelitafuta.

Mfano mzuri ni ARRI, Wajerumani ambao kamera zao zimepiga filamu nyingi kubwa za sinema. Kamera yao ya Alexa ilipoanza kutumika mwaka 2010 ilikuwa inarekodi ProRes, muundo mmojawapo wa video, kwenye kadi za SxS, na SxS ni za Sony. Baadaye, kamera za AMIRA na Alexa Mini zikahamia aina nyingine ya kadi, CFast 2.0, na mojawapo ya kadi zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya kamera hizo ni ya GB 256 kutoka Angelbird, kampuni ya Austria. Kwa maana hiyo, mwenye kamera ya ARRI akisema "mimi situmii kadi za kampuni nyingine", muulize anatumia za nani.

Ndani ya ganda kuna nini

Fungua kadi yoyote ya kitaalamu utakuta mambo mawili ya maana. La kwanza ni chipu za NAND, ambamo video inakaa kama chaji za umeme zilizonaswa kwenye seli ndogo mno. La pili ni kidhibiti, chipu inayoamua kila kipande cha data kiende wapi, seli zipi zimechoka, zipi zifutwe, na makosa yasahihishwe vipi. Hakuna kinachozunguka wala mkanda wa kukwama, na hiyo ndiyo sababu kamera za habari na za sinema zilizikimbia kanda.

Viwanda vinavyotengeneza chipu za NAND duniani vinahesabika kwa vidole: Samsung, SK Hynix, Micron, Kioxia na SanDisk wanaoshirikiana viwanda, na YMTC ya China. Majina ya kadi sokoni ni mengi mara kadhaa ya hayo. Wengi wananunua chipu kutoka kwa haohao wachache, wanaongeza kidhibiti, wanaandika programu ya ndani, wanafunga ganda na kubandika jina. Hata jina lenyewe si la kudumu: Lexar ilikuwa mali ya Micron hadi 2017, Micron ikaacha biashara hiyo, na jina likanunuliwa na Longsys ya China. Aliyekuwa akiiamini Lexar mwaka 2015 na anayeiamini leo wanaamini watu wawili tofauti.

Je, kadi yenye jina la kamera ina kitu cha pekee ndani? Historia inachekesha kidogo. Panasonic ilipoleta P2, mfumo wake wa kurekodi video kwenye kadi, mwaka 2004, kadi ile ya chuma iliyokuwa ghali kama nini ilibeba ndani yake kadi nne za SD zilizounganishwa zifanye kazi kwa pamoja. Mwaka 2019 likaja la RED, watengenezaji wa kamera za sinema. Kampuni ndogo ya Jinni Tech, iliyokuwa ikiuza kadi mbadala kwa ajili ya kamera hizo, ilitoa video ikifungua MINI-MAG, kadi ya RED, na ndani ikaonekana diski ya SSD ya aina ya mSATA, ileile inayotumika kwenye kompyuta. Watu walichachamaa. RED ikajitetea kwamba bei inabeba utafiti, programu na majaribio, si chipu peke yake.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Chipu ilikuwa ya kawaida, kweli. Lakini zile SD nne za Panasonic zilikuwa za kawaida pia, na bado ukiziweka nne mezani hazirekodi chochote mpaka mtu azipangie kazi ya kuandika kwa wakati mmoja. Kinacholipiwa ni mpangilio na majaribio. Swali la haki ni kama mpangilio huo unastahili bei ile, na soko limeshajibu kwa namna yake: kamera ya RED iitwayo Komodo ya 2020 inatumia CFast 2.0 na V-Raptor ya 2021 inatumia CFexpress Type B, na RED yenyewe hutoa orodha ya kadi zilizoidhinishwa ambayo ndani yake kuna majina ya kampuni nyingine.

Namba inayotangazwa na namba unayoihitaji

Sasa turudi kwenye ile MB 1,700. Mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma, yaani kasi ya kuhamisha video kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta. Kamera ikiwa inarekodi haisomi, inaandika. Na hata pale pakiti inapotaja kasi ya kuandika, huwa ni kasi ya kilele, ile inayofikiwa kwa muda mfupi kadi ikiwa tupu na haijapata joto. Mpiga video anahitaji namba nyingine kabisa: kasi ya chini ambayo kadi haitashuka hapo, kuanzia sekunde ya kwanza hadi kadi inajaa.

Kabla ya kuitafuta, jua kamera yako inataka kiasi gani. Hapa wengi huchanganywa na herufi. Kamera huandika kiwango chake kwa megabiti, Mb, kwa b ndogo. Kadi huandika kwa megabaiti, MB, kwa B kubwa. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gawanya kwa nane. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 600 kwa sekunde inahitaji megabaiti 75 tu kila sekunde. Ukilinganisha na 1,700 unaweza kudhani kadi yoyote itatosha. Haitoshi yoyote, na sababu ni seli.

Seli ya NAND inaweza kubeba biti moja, mbili, tatu au nne. Inayobeba moja, SLC, huandikwa haraka na hudumu, lakini ni ghali. Inayobeba tatu, TLC, na nne, QLC, hutoa ujazo mkubwa kwa bei ndogo, ila kuandika ndani yake kunachukua muda mrefu, maana chaji inabidi ipimwe kwa uangalifu zaidi. Ili kadi ya bei nafuu ionekane na kasi, mtengenezaji hutenga sehemu ya seli hizohizo na kuziandika kwa biti moja moja kwa muda, kisha kidhibiti kinaihamishia data mahali pake baadaye. Ni kama duka linalopokea mzigo. Lori likifika, vibarua wanashusha magunia barazani haraka haraka, dereva anaondoka akisifu kasi yao, na magunia yanaingizwa stoo taratibu. Lori moja moja, hakuna tatizo. Yakija mfululizo, baraza linajaa, na lori la nne linangoja gunia moja lipate nafasi stoo ndipo lishushe jingine.

Mpiga picha mnato anapiga, anapumzika, anapiga. Kwake baraza linatosha. Kamera ya video inayorekodi hotuba ya saa nzima ni malori yasiyokatika. Kadi iliyotangazwa kuandika MB 1,500 inaweza kuanguka hadi mia moja na kitu baraza likijaa, na kwa anayerekodi RAW, yaani video ghafi, kwa MB 400 kila sekunde hilo linaweza kutokea ndani ya dakika chache. Kamera ina bafa yake ndogo ya kusubiria. Bafa ikijaa, ama kamera inasimamisha kurekodi ama inaruka fremu. Kamera za Blackmagic zina kipengele kabisa kwenye menyu cha kuchagua lipi lifanyike kadi ikishindwa: zikuonye tu au zisimame. Chagua zisimame. Bora ujue palepale kuliko kugundua wakati wa kuhariri.

Joto linafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Kidhibiti kikipata moto kupita kiasi kinajipunguza kasi ili kisiungue. Kadi ya CFexpress ndani ya kamera ndogo isiyo na feni, iliyorekodi nusu saa bila kuzimwa, si kadi ileile iliyopimwa juu ya meza yenye ubaridi.

Alama ndogo zenye ukweli

Habari njema ni kwamba kasi ya chini ina alama yake, ila imechapishwa kwa ukubwa wa punje. Kwenye SD tafuta herufi V: V30, V60, V90. Namba hiyo ni megabaiti kwa sekunde ambazo kadi imeahidi kutoshuka chini yake. Kadi ya V90 huenda ikawa na "300 MB/s" kwa herufi nene, nawe unachonunua kwa ajili ya video ni ile 90. Igeuze nyuma pia: V60 na V90 ni za mfumo wa UHS-II, kwa hiyo utaona safu mbili za vigusio vya dhahabu. Ukiona safu moja na pakiti inasema V90, rudisha.

Kwenye CFexpress na CFast alama ni VPG (Video Performance Guarantee), ndani ya umbo la kibao cha kupigia tukio la filamu, pamoja na namba kama 130, 200 au 400. Maana yake ni ileile. Maneno kama Pro, Extreme, Ultra na Cinema hayana kipimo chochote nyuma yake. Ni rangi ya pakiti.

Tuone hesabu hii ikifanya kazi. Sony A7S III hukubali kadi za SD karibu kwa kila kitu, isipokuwa jambo moja linalowashangaza wengi: mwendo wa polepole wa fremu 120 kwa sekunde katika XAVC S-I ya 4K, kodeki (namna ya kubana video) ya Sony, kwa njia ya S&Q (Slow & Quick). Hapo inadai CFexpress Type A, ndugu mdogo wa Type B, yenye VPG200. Watu wakadai Sony inawalazimisha kununua kadi zake. Piga hesabu. Kodeki hiyo kwa fremu 24 inatumia megabiti 240 kwa sekunde. Fremu 120 ni mara tano, yaani megabiti 1,200, sawa na megabaiti 150 kila sekunde. V90 inaahidi 90. Hakuna hila hapo. Ila ni kweli pia kwamba mwanzoni aliyetaka Type A hakuwa na pa kwenda zaidi ya Sony, na ProGrade ilipoingia 2021, wakafuata wengine, wanunuzi wakapata pa kuchagua. VPG200, iwe ya chapa gani, inaahidi MB 200 zilezile.

Kuhusu waranti, kuunguza kamera, na mengine yanayosemwa

"Itaunguza kamera." Kadi inayofuata muundo wa SD, CFast au CFexpress inatumia umeme uleule bila kujali jina. Hatari iliyopo ni ya kimaumbo: ganda lililokatwa vibaya linalokwama, au adapta. Adapta zina historia yake. Kamera za Sony za XDCAM EX zilizoanza 2007 zilitumia SxS, watu wakashindwa bei, wakaibuka watengenezaji wa adapta za kuchomeka kadi za SD (SDHC) kwenye tundu la SxS. Zilifanya kazi kwa sababu tundu lile lilikuwa na njia mbili za data, ya PCI Express iliyotumiwa na SxS na ya USB iliyo polepole zaidi. Kwa kurekodi kwa kawaida ilitosha. Ukienda kwenye mwendo wa polepole, zikaanza kugoma. Baadaye Sony yenyewe ikauza adapta ya SD, MEAD-SD01, jambo linaloonyesha kwamba kilichokuwa na walakini hakikuwa wazo bali mipaka yake.

"Waranti itafutwa." Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamzuia mtengenezaji kufunga waranti kwa sharti la kutumia vifaa vya chapa yake. Anaweza kukataa kutengeneza akithibitisha kuwa kifaa hicho ndicho kilicholeta hitilafu. Nje ya Marekani, soma karatasi ya waranti. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba waranti ya kadi, ya chapa yoyote, inakurudishia kadi. Video ya bwana harusi akivishwa pete hairudi.

"Kubwa ndiyo bora." Nusu kweli. Kadi ya GB 512 mara nyingi ina kasi kuliko ndugu yake wa GB 128 wa modeli ileile, kwa sababu ina chipu nyingi zinazoandikwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana orodha za kuidhinisha hutaja ujazo. Kuona jina la kadi kwenye orodha haitoshi kama ujazo wake haupo.

Lililo zito zaidi ni hili: kampuni inaweza kubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha jina la nje. Mwaka 2021 iligundulika kuwa SSD ya kompyuta iitwayo Crucial P2 (haihusiani na P2 ya Panasonic, majina tu yamegongana) ilianza kuuzwa na TLC, kisha ikahamia QLC iliyo polepole zaidi, huku jina likibaki lilelile. Hapa ndipo kadi yenye alama ya V au VPG inapoizidi ile yenye sifa za watu tu. Aliyeisifu huenda alinunua toleo jingine. Alama inamfunga mtengenezaji hata akibadilisha vya ndani.

Kuijaribu kabla ya kuiamini

Programu za kupima kasi zinazopendwa zina udhaifu. Blackmagic Disk Speed Test, kwa mfano, hutumia faili ya kati ya GB 1 na 5. Hiyo inaweza kuenea yote barazani, na ukaona namba nzuri ambazo hazitakufaa. Kipimo cha kweli ni kuijaza kadi yote ndani ya kamera yako, kwa kiwango kizito kuliko vyote unavyotarajia kutumia, bila kusimama. Ifomati kwenye kamera, kisha ijaze tena. Mara ya pili ndiyo ya maana: kufomati kwa haraka huenda kusikiambie kidhibiti kwamba data ya zamani haihitajiki, hivyo mzunguko wa pili kinalazimika kufuta huku kinaandika, na kadi dhaifu hujulikana hapo.

Kwa kadi uliyoinunua kwa mtu usiyemjua, tangulia na H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Zinajaza kadi hadi mwisho, kisha zinasoma kila kitu na kulinganisha. Kadi yenye GB 32 inayodai 512 itapokea faili zote bila kulalamika, huku ikiandika mpya juu ya zile za mwanzo. Ukiangalia majina ya faili utaona yote yapo. Ukizifungua ndipo utajua.

Wako wachache ambao swali hili lote haliwahusu. Kamera za sinema za Sony VENICE zikirekodi X-OCN, muundo wa video wa Sony, hutumia kadi za AXS, na Alexa Mini LF ya ARRI hutumia diski za Codex Compact Drive. Huko hakuna soko la wazi la kuchagua, unanunua au unakodi kilichopo. Kwa wengine wote, fungua orodha ya kampuni ya kamera yako kabla ya kulipa, na usiiamini ile uliyoihifadhi tangu mwaka jana: orodha inaweza kubadilika programu ya kamera inaposasishwa, na kadi iliyokuwa ikifanya kazi kwa toleo la zamani inaweza kugoma kwa toleo jipya. Ukisasisha kamera, rudia jaribio la kujaza kadi kabla ya kwenda kwenye kazi ya mtu.